Picha ya Shamba Nisilonalo

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Kagondo. Leo matita kumi na mawili ya majani ya kutandaza kwenye kibanja, shamba la migomba la Ta Buberwa, mwajiri wangu. Mgongo umekufa.

Mke wangu amepiga simu kutoka Mpwapwa. Miaka mitatu nimemwambia nina shamba huku. Sasa anataka kuliona. Kaka yake, dereva wa lori la ndizi, anapita Bukoba Jumamosi. Nimpe picha. Nisipompa, basi nina mwanamke huku, na nisihangaike kurudi.

Mwanamke! Nina panga na blanketi mbili.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepata akili. Shamba sina, lakini rweya, mbuga ya majani, ipo. Migomba inapokoma, majani yanaanza, hayana mti wala nyumba wala mwenyewe, mpaka macho yachoke. Alfajiri ukungu ulikuwa umekaa juu yake. Vilima vilitokeza kama migongo ya ng'ombe waliolala. Nilisahau panga mkononi.

Joackim, mfyekaji mwenzangu, alitaka kunipigia picha kwa simu yake. Nikakataa. Picha ya rangi itaonyesha majani ni majani. Nyeusi na nyeupe haisemi. Inaweza kuwa ngano! Joackim akasema mnyamahanga, mtu wa kuja kama mimi, akizidiwa na kazi huanza kulima ukungu. Wivu.

Jumatano, 7 Agosti

Bilele, mjini Bukoba, kwa Mzee Muhidini aliyekuwa na studio ya picha. Kwa matita mawili ya majani ya mbuzi wake amenipa kamera na mkanda. Umeisha muda 2009. Akanionya kwamba picha zitatoka na ukungu. Nikamwambia hata mahali penyewe pana ukungu, vitaelewana.

Dawa za kusafishia picha hana tena. Eti nitumie kahawa, magadi na vidonge vya vitamini C, kisha niuloweke mkanda kwenye chumvi kali siku nzima. Kahawa! Bukoba! Nilicheka njia nzima.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimefyeka mistari, mstari umekatwa, mstari umeachwa, ili paonekane pamelimwa. Kisha nikajilaza katikati kungoja ukungu upungue. Haukupungua. Ulipita juu yangu taratibu, baridi, una harufu ya ziwa. Niliota ngano. Niliota mke wangu anatembea ndani yake, mikono wazi, anagusa masuke. Mahali fulani mtu alikuwa anacheka.

Nilipoamka nikapiga picha zote thelathini na sita.

Ta Buberwa ameuliza ni nani aliyenyoa rweya kama kichwa cha mtoto aliyemkimbia kinyozi. Nikasema huenda ni ng'ombe.

Ijumaa, 9 Agosti

Nilimwomba kahawa Ma Consolata, mke wa Ta Buberwa. Akanipa kwa mikono miwili, imefungwa kwenye jani la mgomba. Ya kutafuna! Ile inayochemshwa na majani ya harufu, mgeni anapewa hata kabla hajamaliza salamu. Akasema, kwa heshima ya kwao, pokea waitu, hujawahi kuniomba kitu. Ningerudishaje? Kahawa ni kahawa. Nikaitwanga.

Kazi yote ya kusafisha mkanda gizani, chini ya blanketi mbili, mlango umefungwa, jasho tele. Dawa ilinukia vizuri mno. Nikatafuna iliyobaki.

Jumamosi, 10 Agosti

Mkanda umetoka kijivu mwanzo hadi mwisho, kama uji. Shemeji aliuinua juani, akauliza shamba liko wapi. Nikasema lipo, limefunikwa.

Ndipo Joackim, ambaye hakuitwa, akatoa simu. Mimi huyo, nimelala kati ya mistari, kamera kifuani, kinywa wazi, kidole gumba kimetoka kwenye buti. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Akaituma picha hiyo Mpwapwa palepale.

Nimekwisha.

Jumapili, 11 Agosti

Mke wangu amepiga. Sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema amecheka, halafu amelia. Alisema hakuna mwanamke angemwacha mume alale hivyo, na buti lile. Kwa hiyo mwanamke sina, amekubali. Alisema kama shamba halipo niseme tu, hatauliza tena, nirudi kabla ya mvua.

Ukweli ulikuwa umefika kwenye meno. Lakini nilikuwa nimesimama rweyani, ukungu unajikunja kutoka bondeni, mistari yangu imenyooka ndani yake. Palionekana kama pangu.

Nikasema shamba ni letu mpaka ziwani.

Kisha akasema basi atakuja Desemba na watoto, tuhamie. Akauliza nyumba ina vyumba vingapi.

Nikasema vinne.

Kesho nampelekea Mzee Muhidini matita manne. Ana mkanda mwingine, umeisha muda 2003. Nyumba inahitaji ukungu mzito zaidi.