Shingo ya Taifa

Ninayo heshima na furaha tele kuwatangazia wananchi wote, waliokaa na waliosimama, kwamba shingo ya mchezaji wetu mashuhuri wa raga imepandishwa cheo. Kuanzia sasa si shingo tena kama yako na yangu, ya kuvalia tai na kuchungulia mambo ya jirani. Ni rasilimali ya taifa.

Mimi ni Afisa Itifaki wa Wizara. Kazi yangu ni kuhakikisha kila mtu anakaa panapomstahili, na asiyestahili hakai. Mitaani wananiita Bwana Viti. Sikasiriki. Kila cheo kina wivu wake.

Mchezaji mwenyewe tunamwita Nguzo. Zamani alikuwa mpakuzi wa saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mpaka siku kocha alipopita akamkuta na gunia shingoni, amesimama tu, anabishana na mwenye duka kana kwamba amebeba kofia. Tangu hapo amevaa jezi ya taifa katika nchi ambazo wengi wetu tunazijua kwa bendera tu. Kwa wasioujua mchezo: mpira wa raga una umbo la yai, na mara kwa mara wachezaji wanane wa kila upande huinama, hushikana mabega, wakasukumana kama madume ya ng'ombe yanayogombea kisima. Hiyo ndiyo skramu. Watatu wako mbele, watano wanasukuma kutoka nyuma. Nguzo alikuwa katikati ya wale watatu wa mbele. Uzito wa nchi mbili ulikutana kwenye shingo yake, naye akarudi nyumbani na ushindi, pamoja na masikio yaliyojikunja kama karatasi iliyokosewa.

Mwaka huu alikuja wizarani na mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Alimsalimia Mheshimiwa Waziri huku anatazama dirisha. Si utovu wa adabu. Shingo ilikuwa imegoma kugeuka.

Hapa nieleze utaratibu wetu. Mheshimiwa hapendi kalamu. "Kalamu ina tabia ya kutoa ushahidi," husema. Kwa hiyo wizara inaendeshwa kwa kichwa. Ombi husomwa mbele yake kwa sauti. Akitikisa kichwa, limekataliwa. Asipotikisa, limekubaliwa, maana kunyamaza ni kukubali. Ndivyo unavyosema waraka alioutunga mwenyewe. Mkono haumo katika waraka, kwa sababu mkono wa kiongozi ni wa kupungia wananchi. Mfumo huu umeleta ufanisi mkubwa. Tangu Mheshimiwa aingie madarakani, hakuna ombi lililowahi kumponyoka.

"Mheshimiwa, naomba kustaafu," alisema Nguzo. "Mkono wa kushoto unakufa ganzi. Juzi nimembeba mwanangu akaniponyoka. Bahati tulikuwa kitandani. Daktari anasema nikiingia skramu moja tu zaidi, nitalishwa kwa kijiko maisha yangu yote. Na mechi ni mwezi ujao."

Mheshimiwa akatikisa kichwa.

"Kijana wangu, kustaafu ni kwa waliochoka. Wewe umechoka lini, na mimi bado nakutumia?"

Mkewe akasogea mbele. "Baba, samahani. Huyu ni mume, si ngazi ya kuazimana."

"Mama, shingo hiyo si yenu peke yenu tena. Nimeshaitangaza redioni."

"Haya. Shingo bakini nayo. Lakini kichwa na kiwiliwili ni vyangu. Nifungieni kwenye mfuko niondoke navyo sasa hivi."

Naibu Waziri akakohoa. Mimi nikayaingiza maneno hayo kama maoni ya mdau. Kisha nikawakumbusha, kwa upole, kwamba mchezaji wa taifa akiondoka bila ruhusa anahesabiwa mtoro, na nyumba ya wizara anayoishi na familia yake inarudi wizarani siku hiyo hiyo, pamoja na pazia. Nguzo akakubali shingo upande. Hakuwa na namna nyingine ya kuiweka.

Ili kuitunza rasilimali hii, Mheshimiwa aliunda Kamati ya Shingo chini ya Naibu. Kamati ilikwenda ziara ya mafunzo kwa twiga, ikarudi na picha nzuri sana. Mapendekezo yake yalikuwa kwamba iwepo Siku ya Shingo, uwanja ujae, na Mheshimiwa mwenyewe aingie skramu pamoja na wakurugenzi wake dhidi ya vijana wa timu ya taifa. Nguzo awe upande wa Mheshimiwa, picha ipigwe, na bango lining'inizwe kila barabara.

"Si umesikia daktari alisema moja tu?" mkewe aliniuliza koridoni.

"Hii ni ya maonyesho, shemeji."

"Mimi si shemeji yako. Na shingo haijui maonyesho."

Siku ya mazoezi kukazuka suala la itifaki, na ndipo utaalamu wangu ulipohitajika.

"Mbele anakaa nani?" Mheshimiwa aliuliza.

"Watatu hawa," kocha akajibu. "Katikati ni Nguzo."

"Na mimi?"

"Wewe nyuma yao, mzee. Unainama, kichwa unakiingiza hapa, katikati ya makalio ya huyu na huyu."

Uwanja mzima ukanyamaza. Nikaona ndege wameacha kuruka, ingawa huenda nilizidisha.

"Kocha," nikasema, "sikio halipiti kichwa. Na kichwa chenyewe hakiingii hapo."

Kwa mamlaka niliyopewa, nikapanga upya. Mheshimiwa mbele, katikati. Kulia na kushoto kwake walinzi wawili. Naibu nyuma yake moja kwa moja, na wakurugenzi kwa kufuata vyeo. Nguzo nikampeleka mkiani kabisa, ambako mtu anashika tu ili asionekane hana kazi.

Lakini Nguzo, badala ya kushukuru, akaja kusimama mbele ya Mheshimiwa. "Mzee wangu, nakusihi. Usikae hapo. Hapo panaua. Sisi tunaitengeneza shingo miaka ndipo tunapasogelea."

Mheshimiwa akacheka, akatugeukia. "Mmemwona? Anaona uchungu kunyang'anywa kiti." Na kichwa kikatikisika.

Siku ya Shingo ilifana. Bendi ilipiga, mahema yalijaa, Mheshimiwa alivaa jezi mpya juu ya suruali iliyopigwa pasi mpaka mistari ikakata upepo. Vijana wa timu ya taifa walikuwa wameagizwa wasisukume hata kidogo, kwa heshima. Wasimame tu kama ukuta. Nao, kwa nidhamu yao, wakasimama kama ukuta.

Wakurugenzi wetu, hata hivyo, hawakuwa na agizo hilo.

"Inama!" refa akaita. "Shikana! Sukuma!"

Ndugu wananchi, nimehudumu wizarani miaka mingi, sijawahi kuona wakurugenzi wakifanya kazi namna ile. Wanaume ambao faili likiwaangukia mguuni huita mhudumu aliokote, walisukuma mpaka mishipa ikawatoka. Tangu waajiriwe hawakuwahi kupata nafasi halali ya kumsukuma mkubwa wao kwa nyuma, na wote wakaitumia. Naibu alisukuma amefumba macho, kama mtu anayesali.

Ikasikika sauti. Mimi ni mtu wa viti. Sauti ile naijua: ni ya kiti cha zamani kinapokaliwa na mgeni mzito.

"Acheni!" Nguzo alikuwa wa kwanza kuachia. "Acheni kusukuma! Amevunjika!"

Wote wakaacha. Naibu alichelewa kidogo kusikia.

Nguzo akapiga magoti kwenye nyasi, akakishika kichwa cha Mheshimiwa kwa viganja vyote viwili, kama unavyoshika mtungi uliojaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka kwa ganzi lakini haukuachia. "Usitikise kichwa, mzee," akarudia rudia mpaka gari la wagonjwa likafika. "Chochote utakachoambiwa, usitikise kichwa."

Ni ushauri bora kuwahi kutolewa kwa wizara yetu.

Kesho yake nilihamishia ofisi wadini, kwa sababu kazi ya umma haiumwi. Mheshimiwa alikuwa amevishwa kola ngumu kutoka kidevuni hadi kifuani, taya limefungwa. Daktari alituhakikishia kwamba atapona vizuri, ila kwa wiki kadhaa asiseme, na kichwa kisitikisike hata kwa chafya.

Waraka, nawakumbusha, ulikuwa bado unatumika.

Wa kwanza kuingia alikuwa fundi cherehani. Akainama, akaipima ile kola kwa jicho la kazi yake, akasema, "Imemkaa." Kisha akasoma: mumewe astaafu leo, na nyumba wabaki nayo.

Tukatazama kichwa. Mheshimiwa akanyanyua kidole, akakipunga huku na huku. Nikaandika kwamba anawasalimu. Macho yakazunguka kwa kasi. Macho hayamo katika waraka.

"Limekubaliwa," nikatangaza.

Habari zikaenea haraka kuliko tangazo lolote tulilowahi kulilipia. Saa sita foleni ilikuwa imefika lango la hospitali. Wauguzi waliokuwa wakiomba glavu. Mwalimu aliyekuwa akiomba paa la darasa, maana kuta tayari alikuwa nazo. Wanawake wa mtaa ambao bomba lao lilizinduliwa mara mbili na halijawahi kutoa maji. Kila ombi lilisomwa, kichwa kikatulia, likapita. Wakitoka nje walimwombea Mheshimiwa kwa dhati kabisa: "Mungu amponye. Polepole."

Jioni akaingia mkewe Mheshimiwa. Nilikuwa nimemtolea kiti mbele tangu mchana, akakataa, akapanga foleni kama wengine. "Mbele nimekaa vya kutosha," alisema.

Akasimama kando ya kitanda cha mumewe, akakunjua karatasi.

"Tangu tuoane," akatuambia, "kila nikimwomba jambo, kichwa hiki hiki." Kisha akasoma. Aliomba mumewe astaafu uwaziri, leo, kwa heshima zote, arudi nyumbani akae na wajukuu wasiomjua.

Naibu akasogea ili aone vizuri. Mlangoni alisimama Nguzo, amempakata mwanawe kwenye mkono wa kulia, ule mzima. Wote tulikuwa tunakitazama kichwa.

Kichwa hakikutikisika.

"Limekubaliwa," nikasema, na wadi nzima ikapiga makofi.

Mheshimiwa alipunga mikono yote miwili, kwa nguvu, bila kukoma, mpaka muuguzi akaja kuishika. Katika utumishi wangu wote sijaona kiongozi akiaga wananchi kwa moyo namna ile.