Mstari wa Madawati Usio na Mwisho

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa hesabu ametangaza: nafasi ya kwenda maonyesho ya shule zote ni moja tu. Ataipata atakayeeleza vizuri, kabla ya Ijumaa, ulinganifu, yaani kitu kubadilishwa na bado kubaki vilevile. Naitaka kuliko kitu chochote. Tatizo ni jirani yangu darasani, tunayemwita Mraba. Amekata mraba wa boksi, anaugeuza kwa njia nane, na kila mara unaonekana vilevile. Njia nane tu! Mimi nina kitabu cha maktaba kuhusu makundi ya ulinganifu yenye vipimo visivyo na ukomo. Nimeelewa kurasa tatu. Zinatosha.

Jumanne, 5 Machi

Wazo! Mstari wa madawati usio na mwisho. Kila mtu anahamia dawati la nyuma yake. Hakuna anayekosa kiti, mstari uko vilevile. Ila kueleza mbele ya darasa siwezi. Nikitazamwa na watu wawili sauti inakauka. Lakini kitabu kinasema kundi la ulinganifu halionekani lenyewe, huonekana kwa jinsi linavyosogeza vitu. Basi wasogezwe, mimi ninyamaze. Nimeandika karatasi: "Hamia kiti cha nyuma yako. Utakayemkuta mpe karatasi hii." Dada akachungulia, akauliza wa mwisho ataenda wapi. Nikasema hakuna wa mwisho. Akasema yupo, ni yule mrefu mnayemwita Twiga, na nyuma yake kuna mlango. Maskini dada, aliishia kwenye vipimo vitatu.

Jumatano, 6 Machi

Mwanzo mzuri mno. Nikatoka dawati la kwanza, nikahamia la pili, karatasi ikaenda. Twiga, mtiifu kupita kiasi, akatoka mlangoni, akaingia darasa la jirani, akakaa. Wanafunzi wa huko nao wakasogea. Kisha darasa la tatu. Kisha karatasi ikafika ofisini: karani akahamia kiti cha mhasibu, mhasibu akahamia jikoni, mpishi akahamia kibanda cha mlinzi. Mlinzi akasoma mara mbili, akatoka nje, akafunga geti, akasimama kwenye mvua na funguo zote mfukoni. Tukamsihi afungue. Akakataa.

"Karatasi imesema niende. Ya kurudi iko wapi?"

Mkuu wa shule aliiandika saa kumi na moja jioni, baada ya kutafuta kalamu kwenye meza ya mhasibu, alikokaa karani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeitwa na Mwalimu. Anasema ulinganifu lazima uweze kurudishwa, na usiache nafasi tupu. Mimi niliacha dawati la kwanza tupu. Nikajitetea, nikiviangalia viatu vyake: kitabu kina topolojia pia, ile elimu ya vitu kuwa karibu, na mabadiliko mawili huwa karibu yakikubaliana kwenye madawati ya mwanzo. Yangu yalikuwa sahihi kwa viti mia mbili na kumi na vinne. Kwa hiyo nilikaribia sana. Akavua miwani.

"Kijana, mraba wa mwenzako haujamfanya mtu anyeshewe na mvua."

Nafasi kapewa Mraba. Akaja kunipa pole, tena kwa moyo safi. Hilo ndilo limeniuma.

Ijumaa, 8 Machi

Nimelia kidogo, nikarudia ukurasa wa tatu. Kosa nimeliona, na si langu! Mstari ulikuwa na mwanzo. Kama usingekuwa na mwanzo wala mwisho, hakuna dawati ambalo lingebaki tupu na kila mtu angeweza kurudi. Mwalimu bado hajapeleka jina la Mraba. Kinachohitajika ni viti mbele ya dawati la kwanza. Hapo pana ubao, nyuma ya ubao ukuta, nyuma ya ukuta ofisi ya Mkuu, yenye kiti kizuri sana.

Mjomba ni fundi uashi. Ameniazima nyundo kubwa, hakuuliza kitu. Jumatatu nitawahi.