Namba Zangu Ukutani

Jumatatu, tarehe 6 Aprili

Nimefika. Peke yangu, mkoba mmoja, kwa miguu tangu kituo cha basi. Mji unanuka chumvi na mbao zilizolowa. Shabaha ni moja: kuchora ramani ya mitaa yake ya zamani kwa siku nne na kumshinda Kamusi. Atakayeleta ramani bora baada ya likizo atakabidhiwa ufunguo wa maktaba ya shule mwaka mzima. Ufunguo! Wangu peke yangu!

Kamusi (tunamwita hivyo kwa sababu anajua kila kitu na hawezi kunyamaza) anachora mtaa wetu wenyewe, bila kutoa jasho. Amenunua kopo la rangi nyekundu. Ametangaza darasani kwamba ramani yake hata kipofu ataiona.

Mama aliniaga kwa maneno yake yale yale. Kuuliza si ujinga, mwanangu, ukipotea uliza. Niliitikia. Ukweli ni kwamba mbele ya mgeni ulimi wangu hugeuka ubao. Ndiyo maana nina mbinu: boksi la chaki. Kila kona naandika namba ndani ya duara. Kila kichochoro kisichopita napiga X kwenye nyumba ya mwisho. Sitapotea, na sitamsumbua mtu.

Nimepanga kwenye gesti ya mama mmoja aliyesoma na Mama. Bei ya undugu. Kitanda, ndoano ya nguo, dirisha linalotazama ukuta. Aliniuliza, mwanangu, umekuja kufanya nini huku. Nikasema kupima. Nilitaka kueleza zaidi, sauti ikaishia njiani. Akaacha kutabasamu. Labda jino linamuuma.

Jumanne, tarehe 7 Aprili

Namba 1 hadi 14. X tatu. Hatua elfu sita na kitu, kisha paka akanipita miguuni nikapoteza hesabu.

Kona ya namba 4 ina fundi cherehani na kinyozi, uso kwa uso, hawapatani. Nilisikia yote nikijifanya nafunga kamba za viatu. Fundi alisema nywele za watu zinaruka mpaka kwenye vitambaa vyake, juzi kamshonea bwana harusi koti lenye ndevu. Kinyozi alijibu kwamba afadhali ndevu, maana mishono yenyewe imekwenda upogo kama fundi mwenyewe. Wateja walicheka.

Niliandika 4 yangu ukutani, kubwa na safi. Nilipogeuka cherehani ilikuwa imenyamaza. Kinyozi alikuwa nje na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Wote watatu walikuwa wanautazama ukuta. Hakuna aliyenitazama mimi.

Namba 9 ni nyumba ya mzee mmoja anayekaa kibarazani na redio mapajani. Alinikaribisha, akasema binti, mbona umechoka, kaa kidogo unywe maji. Koo lilikuwa limekauka kweli. Nikatikisa kichwa, nikaandika kitu kwenye daftari ili nisionekane mjinga, nikaondoka mbio. Nyuma yangu redio ilizimwa.

Watu wa hapa wanaheshimu elimu.

Jumatano, tarehe 8 Aprili

Leo si kama jana.

Namba 15 hadi 26. Mchana kweupe, jua la utosi, na mitaa haina mtu. Kila nikiingia mtaa, madirisha yanafungwa moja baada ya jingine, mbele yangu, kabla sijayafikia. Kama vile kuna mtu ananitangulia hatua kumi, anaonya. Mara mbili nimesikia ndara zikiburutwa nyuma yangu. Nikageuka. Ndara moja katikati ya njia, mwenyewe hayupo.

Mtoto alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria mlangoni. Mkono ukatoka ndani, ukamvuta. Kifuniko kilibaki kinazunguka peke yake kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Kisha nikatokea nyuma ya maghala ya bandari, mahali pasipokuwepo kwenye ramani yoyote. Nyumba zisizokuwa nyumba. Kuta zimesimama moja moja. Sakafu ya jiko, na vigae vyake vya samawati, chini ya mbingu tupu. Ngazi za vidato vitatu zinazopanda kwenda hewani. Ukuta mmoja una kioo bado, kimetundikwa kwa msumari. Nilijiona humo, na nyuma yangu pazia linapepea kwenye dirisha. Niligeuka kuliangalia dirisha. Upande wa pili wake hakukuwa na chumba.

Nilirudi nyuma hatua mbili. Halafu nikaona kitu kilichonituliza: X nyekundu iliyofifia, na namba ndani ya duara! Ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo zamani aliwahi kupita hapa mtu mwenye mbinu kama yangu. Mwanajiografia mwenzangu. Nilijisikia nimepata ndugu. Nilikaa kwenye ngazi zile nikala mkate wangu.

Kurudi, jambo jingine. Ukutani kwa kinyozi: namba 27. Mimi nimeishia 26. Mwandiko unatetemeka kama wangu nikiogopa. Je, niliandika nikasahau? Nimeiingiza kwenye ramani. Hesabu isiruke.

Alhamisi, tarehe 9 Aprili

Mlangoni kwa fundi cherehani: namba 28. Si yangu. Fundi hayupo. Sakafuni kuna alama nne za miguu ya meza na uzi mweupe unaotoka mlangoni, unashika njia, unakata kona. Niliufuata hatua themanini na mbili. Ukaisha katikati ya barabara.

Nimefika 40. Ramani imekamilika! Kamusi ameisha.

Mzee wa redio alikuwa kibarazani, redio imezimwa. Njiani mbele yake wamepanga godoro, vyungu, picha ya harusi, saa ya ukutani inayotembea. Nikadhani anafanya usafi wa mwaka. Aliniita kwa upole, binti, njoo. Nilisogea. Akauliza polepole ni lini. Nikaona aibu, mzee wa watu anataka kujua nitaondoka lini ili aniage. Nikajikaza, nikamjibu kwa sauti kabisa: Ijumaa, mzee, asubuhi na mapema.

Alinishukuru. Alisema wale wa mara ile hawakuwaambia siku. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa baridi.

Sijui wale wa mara ile ni akina nani. Sikuuliza, nisije nikaonekana mdaku.

Ijumaa, tarehe 10 Aprili

Nimeamshwa na mlio, kri, kri, kri. Jua limeshatoka. Mlango wa chumba changu ulikuwa unatikisika, kisha ukaegemea, kisha haukuwepo. Nyuma yake alisimama mama mwenye gesti na bisibisi.

Aliniomba radhi kwa kuniamsha. Alisema milango ni ya mninga, hawezi kuiacha. Nikatoka nje kwa kutumia, niseme nini, uwazi. Mtaa mzima hauna milango. Madirisha yametolewa na fremu zake. Nyumba zote zimeachama kama vinywa. Watu wamekaa barabarani juu ya mizigo yao, kimya, wanatazama upande wa barabara kuu. Wanasubiri kitu. Hata watoto hawalii.

Hapo ndipo nikauliza. Swali langu la kwanza tangu Jumatatu: kuna nini?

Mama mwenye gesti alielekeza bisibisi upande wa barabara kuu. Akasema tingatinga, mwanangu, si wewe uliyesema leo asubuhi? Akaeleza taratibu, kama anamfundisha mgonjwa. Miaka saba iliyopita walikuja watu wa manispaa, wakaandika namba na X kwa rangi nyekundu kule nyuma ya maghala. Baada ya wiki tingatinga likaja, watu wakiwa mezani wanakula. Sasa nimekuja mimi, nimesema napima, nimeandika, nimetaja siku. Hanilaumu, alisema, mtoto hutumwa. Alishangaa tu kwamba hata Mama, aliyesoma naye, hakumwonya.

Nilimwonyesha boksi la chaki. Nikamwambia kuhusu maktaba.

Alikaa chini juu ya mlango wangu.

Kisha akanishika kiwiko, akanipeleka katikati ya barabara, akaniambia sema. Niliandika barua kichwani, nzuri sana, yenye aya tatu. Kilichotoka ni: ni ramani tu. Nikarudia. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangenizomea. Fundi na kinyozi tu ndio walitazamana, maana 27 aliiandika fundi kwa kinyozi, na 28 kinyozi alilipiza. Kila mmoja alitaka mwenzake abomolewe kwanza.

Nyumba ya namba 9 haikuwa na paa. Mzee alikuwa amekwisha kung'oa mabati yote, kwa mikono ile. Hakunigombeza. Alisema shika ngazi. Nimeshika ngazi mpaka alasiri. Kila bati liliporudi juu, chumba kikawa na giza kidogo zaidi, na saa ya ukutani ikaendelea kutembea humo.

Nilipoondoka nilisikia kri, kri mtaa mzima. Sijui walikuwa wanafunga au wanafungua. Namba zangu nilizifuta kwa kitambaa chenye maji. Zikilowa hazionekani. Zikikauka, zinarudi.

Jumapili, tarehe 12 Aprili

Nyumbani. Nimenakili ramani kwa wino. Pembeni nimeandika maelezo: mji mtulivu, wenyeji wakarimu, wana desturi ya kutoka na milango yao.

Somo la safari nimelitafakari kwa kina. Chaki haifai, inatisha watu na haidumu. Safari ijayo nitatumia vibandiko.

Sasa, Kamusi! Leo nimekuta getini kwetu X nyekundu, mbichi, na namba 17 ndani ya duara. Kwa jirani 16. Mpaka dukani, nyekundu tupu. Ameiba mbinu yangu na lile kopo lake! Na ameiba vibaya. X ni ya njia isiyopita, na njia yetu inatokea sokoni, kila mtu anajua. Nimechukua chaki ya mwisho, nimemwandikia chini yake: "Njia hii inapita."

Mtaa umetulia ajabu. Fundi baiskeli hagongi, jirani hajawasha redio. Raha kwa msomaji.

Mama amepita hapa mara tatu anatafuta bisibisi. Amenitazama kama anayetaka kusema kitu. Sikumuuliza.