Ombi la Kuvuliwa Cheo cha Mwenye Akili

Ufukoni, Mtwara,
Desemba.

Kwa Mjomba Asadi,
Kitaya.

Shikamoo Mjomba.

YAH: OMBI LA KUVULIWA CHEO CHA MWENYE AKILI

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya ndugu haiwekwi kichwa cha habari. Nimekiweka kwa sababu jambo lenyewe ni rasmi, na pia kwa sababu ana kwa ana nisingeweza kulisema. Ulipokuja siku ya Maulidi nilikaa jikoni mpaka ukaondoka.

Siku hiyo ulimwita mdogo wangu Jafari barazani, ukamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Vidole viliishia kwenye nywele. Ukasema, "Huyu akili bado hazijafika. Nyumba hii anazo Nasra, anatosha. Januari mleteni Kitaya aamie ndege wasile mpunga, shule itamsubiri." Mama alikubali, maana kwetu kauli ya mjomba haikatiwi rufaa. Uandikishaji wa darasa la kwanza unafungwa mwisho wa mwezi huu.

Hii si rufaa, Mjomba. Ni malalamiko yangu binafsi kuhusu kazi ya kuwa na akili, ambayo naomba kuiacha.

1. Tangu nilipokuwa wa kwanza nikiwa darasa la nne, Bibi Tabu aliamuru kila kichwa cha samaki kinachoingia sufuriani niwekewe mimi, kwa kuwa ndimo akili zilimo. Jafari huwekewa mkia. Sipendi macho, lakini huyameza kwa manufaa ya familia. Sasa, kama akili zimo kichwani mwa samaki, basi mtoto huyu hajapewa hata kidogo tangu aote meno. Wewe ni mkulima wa korosho. Mkorosho ulionyimwa dawa ya salfa huulaumu kwa uvivu?

2. Kipimo cha sikio nimekirudia kwa watu wengine. Latifa, mtoto wa jirani, hajafika miaka minne, lakini analishika bila taabu kwa kuwa ana mikono mirefu. Bado huvaa kandambili ya kulia mguu wa kushoto. Mimi pia nalishika kwa urahisi, kwa sababu kichwa changu ni kidogo, na naomba hilo lizingatiwe. Jafari ana kichwa kikubwa. Kama kichwa ndicho ghala, basi tunamzuia kwenda shule kwa kosa la kuwa na ghala kubwa.

3. Maktaba ya shule yetu ina kitabu cha makuzi ya mtoto. Kinasema watoto hawakui kwa kufuatana kama askari wa gwaride. Mmoja huanza kwa kusema, mwingine huanza kwa kutazama, na anayetazama si kwamba hayupo. Kurasa za mwaka wa sita zimechanwa, kwa hiyo elimu yangu inaishia mwaka wa tano, ambao Jafari anaumaliza. Bibi humwambia, "Wewe umekuja duniani kutembea." Yeye hujibu, "Ndiyo, Bibi," kisha huendelea kupanga maganda ya kome, makubwa mpaka madogo.

4. Simu ya Mama ilipopotea niliitwa nifikiri iko wapi. Nilifikiri mpaka magharibi. Jafari akaitoa ndani ya ndoo ya unga wa muhogo, kwa sababu alikumbuka Mama alikuwa akichota unga huku anaongea. Bibi akasema, "Kabahatisha." Mjomba, mimi nikipata kitu ni akili, yeye akipata ni bahati. Naomba na mimi nihamishiwe kwenye bahati. Haina mitihani.

5. Mtaa mzima huja niwaingizie namba za umeme kwenye mita. Nikikosea tarakimu husema nimefanya makusudi, kwa kuwa mwenye akili hakosei.

Kwa hiyo napendekeza haya. Kwanza, upige simu utamke, Bibi akisikia, kwamba mimi nina akili za wastani. Pili, vichwa vyote vya samaki vihamie kwa Jafari kuanzia sasa hadi shule zifunguliwe, na mikia nipewe mimi. Tatu, ikiwa kweli nyumba moja ina nafasi ya mwenye akili mmoja tu, basi Januari nije mimi Kitaya kuamia ndege, na Jafari aandikishwe. Nitakuwa naingia kidato cha nne, lakini kitabu cha Fizikia kinasomeka hata juu ya dungu la kulindia shamba. Na mbele ya ndege sina aibu. Nitawapigia kelele vizuri.

Nisalimie wote nyumbani, hasa binamu Salumu, pamoja na wale mbuzi wawili wanaonifahamu. Mama anakusalimu. Bibi pia anakusalimu, ingawa hajui salamu zake zimefungwa pamoja na nini.

Mpwa wako mtiifu, mwenye akili za wastani,

Nasra

Tanbihi: Nilipomaliza kuandika, Mama alikubali tufanye majaribio, akampakulia Jafari kichwa cha kolekole. Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Dada, huyu hana shingo. Akiitwa kwa nyuma anageukaje?" Nimetafuta katika kitabu cha Baiolojia, sikuona. Bibi amefurahi sana, anasema kumbe kichwa cha samaki hufanya kazi haraka hivyo. Lakini Mjomba, lazima niseme kweli: Jafari alikuwa hajaonja hata kidogo. Kwa hiyo hoja ya kwanza naifuta, na cheo sikiachi tena, maana kwa maswali haya nitahitaji akili zote zilizopo. Kichwa nilikichukua mimi, nikakila chote pamoja na macho. Jibu bado halijaja. Labda mwalimu wa darasa la kwanza analijua.