Taa ya kutafuta sumu mu kave ya bamamere

Asinge, bandugu yangu ba Luhwindja! Leo haya imenimaliza. Ninawaandikia mikono ingali inanuka sabuni, mutaelewa.

Munajua kazi yangu: kugeuza mafromaji, ile jibini ya bamamere, basista ba huku ku barabara ya Kavumu. Inalala miezi sita mu kave, ile chumba ya chini yenye giza na baridi. Unaigeuza, unaipangusa na maji ya chumvi, sawa mutoto mugonjwa. Ukungu inaota juu yake. Muzuri unaacha, mubaya unatoa. Nani anajua mubaya? Pua yangu! (Masomo iliishia ku mwaka wa pili primeri, ngombe ya baba ilikuwa inaniita. Lakini pua haiombake diplome.)

Juzi Mamere Mukubwa akaniambia: "Papa Mugaruka, daktari mumoja anakuja na taa. Ukungu yenye sumu inawaka mbele yake palepale. Zamani tulituma kipande ku labo, tunangoja wiki na wiki. Ile fromaji kumi na mbili ya Pentekoste, ikiwaka, tunazika. Na weye unarudi kukata majani ya ngombe."

Majani! Na hii mugongo yangu!

Leo asubui basi nikasema, mugeni akuje akute fromaji inangara. Kwetu huwezi kupokea mugeni na vitu vichafu, ni matusi. Nikatafuta kitambaa. Ya kazi ilisha pasuka. Ku kamba ya nguo kwetu kulikuwa kitu moja laini, ya pamba... (nitasema, ngojeni.) Nikaichukua. Maji ya chumvi nikaacha, nikaweka sabuni ya unga, ile mupya bibi yangu anasifu. Nikaweka mingi. Nikapangusa zote kumi na mbili, nikatundika kitambaa ku musumari. Nikavaa shemizi, ile shati nyeupe ya misa.

Daktari akafika. Mwanamuke! Kijana, miwani, mupole. "Bonjour, papa." Maman Furaha, mwenye kukamua ngombe, naye akashuka kuchungulia. Ule mama hawezi kukosa kitu.

Wakafunga mulango. Giza. Daktari akawasha taa yake.

Yesu wangu! Fromaji zote zikawaka! Bulu, sawa moto ya gazi! Mamere akafanya alama ya musalaba.

"Zote?"

"Zote," daktari akasema polepole.

"Papa Mugaruka, leta jembe."

Mimi nikakasirika. Miezi sita! Nikakamata kisu, nikakata ile ya kona, yenye pua yangu ilisifu kupita zote, nikatia mu kinywa. "Kama ni sumu, nife hapa!"

"Papa, tema! Tema haraka!" Daktari akanigeuzia taa. Nikatema. Lakini balisha kuniona: shemizi yangu inawaka. Mikono inawaka. Hata musharubu!

Maman Furaha akalia: "Maskini muzee! Sumu ilisha fika inje! Mamere, muitie padri!"

"Ninyamazie, mwanamuke! Sijafa!"

Daktari peke yake hakulia. Akaangalia shemizi yangu. Akaangalia fromaji. "Mwee, sumu haienei hivi. Sabuni mupya ya unga iko na dawa ya kungarisha nguo, nayo inawaka mbele ya hii taa. Papa, ulipangusa fromaji na nini?"

Nikafikiri: nikinyamaza, jembe. Nikisema, haya. Nikafikiri na Pentekoste, watu ba parokia mikono mitupu.

"Kitambaa," nikasema.

"Iko wapi?"

Hakukuwa lazima kujibu. Ku musumari, mu giza, ilikuwa inawaka yenyewe sawa mwezi. Kiuno yake. Miguu yake mbili.

Maman Furaha akakaza macho. "Jamani... ile si kalsoni? Nguo ya ndani ya mwanaume!"

Mamere akaishusha na vidole mbili, akafungua mulango, akasoma ile uzi mwekundu bibi yangu alishona wakati wa ndoa: "Mu-ga-ru-ka."

"Ni yangu," nikasema. "Lakini ilikuwa safi, Mamere! Ilitoka ku kamba!"

Maman Furaha akakaa chini mu ngazi. Alicheka mpaka akalia, kisha akacheka tena. Daktari alivua miwani apanguse macho.

Tukaosha yote na maji ya chumvi, mara tatu, na kitambaa ya bamamere. Taa tena. Kumi na moja: giza tupu! Nikapiga mikono, nikacheza mwenyewe mule kave! Ya kumi na mbili, ile ya kona, doa moja ya kijani ikabaki inawaka.

Ile yenye pua yangu ilisifu. Ile nilitema.

Daktari akasema, "Hii ndiyo yenyewe, papa," bila kunicheka. Ndiyo iliniumiza zaidi.

Kukata majani nilipona. Ila jembe nilishika: tulizika vitu mbili, fromaji na kalsoni. Mamere alisali sala fupi juu ya shimo. Hakusema ni ya kitu gani kati ya ile mbili.

Mukuje Pentekoste, mukule, ni salama. Pua yangu kuanzia leo ni ya kupumulia tu. Musicheke mbele ya bibi yangu: tangu saa nane anazunguka ile kamba ya nguo, anauliza majirani kama kuko mwizi.