Kipimo na Gari-nyumba Lililochemka

Gari lile lilifika puani kabla ya kufika masikioni. Harufu ya mpira ulioungua na maji yaliyochemka ilishuka mlimani, ikapita duka la vipuri, ikapita kibanda cha kinyozi, ikamkuta Kipimo amelala chali kwenye benchi lake, kofia usoni. Hakuamka. Alitabasamu kwanza, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye mgao.

Mlima ule ndio uliokuwa mwajiri wake. Ulikuwa mrefu, mkali, usio na pa kupumulia. Gari lolote lenye ugonjwa wa joto likijaribu kuupanda lilikwama katikati, na dereva hakuwa na la kufanya ila kuligeuza na kuliacha liteleze mpaka chini, injini imezimwa. Na pale chini kulikuwa na nani? Mafundi wenzake walipigania nafasi karibu na soko. Kipimo aliuchagua mlima kama watu wenye akili wanavyochagua mchumba: aliangalia mbali.

Jina la Kipimo alipewa na wateja, wengine wakiwa wanalia. Hakugusa boliti ya mtu kabla ya kutamka, kwa sauti ya kuhani, "Hapa panahitajika kipimo." Kisha alitoa kile kifaa cha madaktari cha kusikilizia moyo, akakiweka juu ya injini, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole kama anayetaka kuuliza ndugu wa karibu wa marehemu ni nani. Halafu likaja pigo lenyewe. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa tambara mara moja, fyaa, mteja hajapepesa jicho, akatangaza: "Mama yangu! Chai ya maziwa!"

Maana yake ni kwamba silinda hedi, kile kichwa cha injini, imepasuka, maji yameingia kwenye oili, vimechanganyika na kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ni msiba. Injini ya hivyo huzikwa. Mteja alitazama kijiti, akakuta kisafi, akaamini, kwa sababu ushahidi ulikuwa kwenye tambara na tambara lilikuwa mfukoni mwa mtaalamu. Kipimo mwenyewe hakuwa ameangalia kilichomo kwenye kijiti kwa miaka sita. Aangalie nini, na atakachosema anakijua?

Basi gari likateleza, likasimama mbele ya benchi, likatoa moshi kwa chini na msonyo mrefu. Kipimo alinyanyua kofia. Akaketi. Usingizi wote ukamtoka.

Lilikuwa gari-nyumba. Basi dogo la zamani, rangi ya krimu iliyochoka, lililogeuzwa kuwa makazi na mtu mwenye mikono ya dhahabu. Kupitia dirishani aliona kitanda cha watu wawili kilichotandikwa vizuri, sinki dogo, jiko la mafiga mawili, vikombe vinne vikining'inia kwenye ndoano zake, na pazia la maua ya zambarau.

Na hapa inabidi tumwonee huruma kidogo huyu mtu, japo hastahili. Umri miaka thelathini na minne, Kipimo alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake, fundi cherehani, na juzi tu dada mtu alikuwa amemwambia bila kuinua macho kwenye mshono: "Mashine mbili mpya zinakuja Ijumaa. Zitakaa hapo ulipo. Wewe utakaa wapi, sijui, lakini hapo hapana." Siku ile ilikuwa Jumatano.

Mlango wa dereva ukafunguka, akashuka mama mmoja mnene, mwenye kitambaa kichwani na miwani iliyofungwa kwa kamba. Upande wa pili akateremka mzee mwembamba mwenye gazeti kwapani.

"Mwanangu," mama akasema, huku akijipepea kwa leseni, "tusaidie. Mshale wa joto umepanda mpaka umegonga ukuta."

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Mmefika penyewe."

"Marahaba," mzee akajibu. "Ni hedi."

"Nyamaza, baba watoto." Mama akamgeukia Kipimo. "Msamehe. Alifundisha historia miaka thelathini, basi kila kitu anajua kilivyoanguka."

Kipimo akacheka kwa adabu, akainua kiti cha mbele, kwani injini ya magari yale hukaa chini ya makalio ya dereva. Akasubiri ipoe kidogo. Akapitisha mkono. Injini: ya moto, haishikiki. Akashika rejeta: ya baridi, kama mtungi.

Hapo moyo wake ukaruka sarakasi. Maana Kipimo, msidanganyike, kazi aliijua. Alikuwa mwongo kwa hiari, si kwa ujinga. Injini inaungua na rejeta imepoa? Basi maji hayafiki kwenye rejeta. Na kama hayafiki, kuna mlango umefungwa njiani. Themostati! Kile kidude kidogo kama kizibo, kinachotakiwa kufunguka maji yakipata moto, kimegoma kufunguka. Dawa yake ni boliti mbili, dakika kumi, na kidude kipya kilichokuwa kinauzwa duka la vipuri hatua arobaini kutoka pale.

Kwa dakika kumi mtu angeweza kupata nyumba.

"Hapa," Kipimo akasema, akimeza mate, "panahitajika kipimo."

Akavaa kifaa chake masikioni. Akasikiliza. Injini ilikuwa imezimwa, kwa hiyo alichosikia ni tumbo lake mwenyewe, lakini alitikisa kichwa kwa uchungu mkubwa.

"Mbona unatikisa?" mama akauliza.

"Mama, kaa kwanza kwenye benchi."

Akachomoa kijiti, tambara, fyaa. "Mama yangu! Chai ya maziwa!"

"Niione."

"Ndiyo hii, nimeshaifuta, oili ya hivyo inaunguza ngozi."

"Nilisema," mzee akasema, akifunua gazeti. "Hedi imepasuka. Nimesema tangu jana."

Kipimo nusura amkumbatie. Katika miaka yote ya ufundi wake hakuwahi kupata mteja anayemsaidia kudanganya. "Mzee ana jicho! Wazee wa zamani mlisoma kweli. Hedi imepasuka, tena sina hakika kama bloku chini yake imepona."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa. "Hili gari tumelala humo miaka kumi na tisa, mwanangu. Sasa binti yetu kajifungua, tunatakiwa kesho tuwe kwake, na ni mbali. Tutafikaje?"

"Mtalivuta mpaka kwa wanunuzi wa vyuma. Watalipima kwenye mizani kama mchele."

"Hapana! Baba watoto, unasikia? Kama mchele!"

"Nasikia," mzee akasema kutoka nyuma ya gazeti.

Kipimo akanyamaza. Kunyamaza kwake nako kulikuwa na ufundi: alinyamaza mpaka kuku wa kinyozi akapita, akarudi. Kisha akashusha pumzi kama mtu anayeshindana na moyo wake mwema na moyo mwema unashinda.

"Mama, mimi nilipoteza mama yangu mdogo." (Mama yake mdogo alikuwa hai, akiuza vitambaa mtaa wa tatu.) "Nikikuangalia siwezi. Mnakiona kile?"

Akaonyesha kipikapu chake cheupe kilichoegeshwa kivulini. Kipikapu kile kilikuwa mgonjwa pekee ambaye Kipimo hakuwahi kumdanganya. Alikibadilishia oili kwa tarehe, alikiosha kila Jumapili, kikiwashwa kilikuwa kinanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Kukitoa kulimuuma. Lakini pikapu haina kitanda. Haina sinki. Na Ijumaa ni keshokutwa.

"Chukueni. Kiwafikishe kwa binti. Mimi mniachie huu mzoga, nitauza skrubu mojamoja mpaka nichoke."

"Mwanangu! Utapata hasara!"

"Mungu ataona."

"Ataona," mzee akakubali.

Mama akamshika mkono kwa viganja vyote viwili, machozi yakimlenga. Kisha, bila kuuachia, akasema: "Jambo moja tu. Mwanangu mkubwa ana maneno. Atasema nimelitupa gari la baba yake. Niandikie hali yake, kwa mkono wako, kwamba umelipima na umekuta hedi imepasuka, na umelipokea hivyohivyo ukijua. Nimwonyeshe anyamaze."

"Hilo tu?"

"Nakala mbili. Moja yako, moja yangu. Baba watoto anapenda nyaraka."

"Historia ni nyaraka," mzee akasema.

Kipimo akaandika kwa mbwembwe. Aliandika *nimepima kitaalamu*, akaandika *silinda hedi imepasuka pasipo shaka*, akaandika *nimelipokea kwa hiari yangu nikijua hali yake*, akaweka sahihi yenye mikia mitatu. Wakabadilishana kadi za magari. Mzee akapanda kipikapu, akarekebisha kioo mara moja tu kama aliyekizoea tangu utoto, na mama akampungia Kipimo mkono mpaka walipomezwa na kona. Waliupanda ule mlima bila hata kupunguza gia.

Kwa muda mfupi Kipimo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini. Aliingia ndani ya nyumba yake. Akalala kitandani, akainuka, akafungua bomba la sinki, akafunga. Akahesabu vikombe. Akamfokea kinyozi aliyekuwa anachungulia dirishani: "Bisha hodi! Hujui hapa ni kwa mtu?" Kisha akaenda kununua themostati.

Boliti ya kwanza, boliti ya pili. Akaitoa ile ya zamani, akaigeuza kwenye kiganja.

Ilikuwa imefungwa kwa waya.

Waya wa shaba, mwembamba, umezungushwa mara tatu na kusokotwa mwishoni kwa unadhifu, kama mtu anayefunga zawadi. Themostati isingefunguka hata ingechemshwa na karanga. Kipimo aliutazama ule waya. Akautazama tena. Mikono yake iliendelea na kazi peke yake, kichwa kikiwa bado kinakataa: akafunga themostati mpya, akajaza maji, akaacha mfuniko wa rejeta wazi, akawasha.

Dakika ya kwanza, kimya. Dakika ya pili rejeta ikaanza kutoa mapovu. Ya tatu ikawa sufuria ya maharage. Huko nyuma bomba la moshi lilikuwa likitoa wingu jeupe, zito, tamu puani, likamfunika kinyozi pamoja na mteja aliyekuwa amenyolewa nusu.

Kipimo akazima. Akachomoa kijiti cha oili. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, hakukifuta.

Chai ya maziwa. Tena iliyokolea.

Akakaa chini, mgongo kwenye tairi. Neno kwa neno, kila uongo aliowaambia wale wazee juu ya injini ulikuwa kweli. Mzee alikuwa amemtajia ugonjwa kabla ya salamu kupoa. Waya ule haukufungwa ili gari lichemke, kuchemka lilijua lenyewe. Ulifungwa ili fundi mwerevu apate kitu rahisi cha kukigundua, akifiche, na aache kutafuta.

Kituo kidogo cha polisi hakikuwa mbali. Askari aliyekuwa zamu alikuwa anakula chungwa, akausoma ule waraka mpaka mwisho, akarudia.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, afande."

"Na hii sahihi yenye mikia?"

"Yangu."

"Umeandika hapa hedi imepasuka pasipo shaka. Ukalipokea gari ukijua."

"Ndiyo, afande."

"Na sasa umekuja kulalamika kwamba nini?"

Kipimo akatazama ukuta. "Kwamba hedi imepasuka."

Askari akatema mbegu ya chungwa kwenye kiganja. Alikuwa mtu mpole. "Ndugu yangu, wewe ni fundi mzuri sana. Nenda nyumbani."

Ijumaa asubuhi dada mtu alikuja chini ya mlima akiwa na godoro dogo kichwani na mfuko wa nguo mkononi, kwa sababu Kipimo alikuwa amekwepa kurudi tangu Jumatano. Akamkuta kakaa kwenye ngazi ya gari-nyumba, kidevu mikononi. Akatua godoro, mfuko wa nguo ukabaki mkononi. Akaingia. Kipimo alimsikia akikanyaga huku na huku, akamwaga nguo zake kitandani, akafungua bomba, akashika pazia na kukagua mshono wake, maana mshono mbovu hakuwahi kumsamehe mtu yeyote.

"Pazia limeshonwa vizuri," akasema alipotoka. "Kitanda kikubwa. Jiko. Mimi kwangu sina sinki la hivi. Umelipataje?"

"Dada, nimepigwa. Nimetoa kipikapu changu, nimepewa hili, na haliendi. Unanisikia? Haliendi hata hatua moja. Injini imekufa. Halitaenda popote maisha yake yote."

Dada yake akatupia begani mfuko uliokuwa mtupu sasa, akamtazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"We mtoto," akasema, "nyumba gani ulishawahi kuiona inaenda?"