Ombi la Kuandikishwa Pomboo

Ndugu Meneja wa Bandari,

Tangazo lenu la getini nimelisoma lote, hadi muhuri. Mmeahidi kwamba mashine ya kugongea nguzo chini ya bahari itazimwa kila pomboo mwenye mtoto akionekana, kwa sababu kelele zinawaumiza. Hongereni, nimefurahi kweli. Ila mimi ninayeishi ukuta kwa ukuta nanyi, na mtoto wa miezi mitatu, sikutajwa popote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasema kelele humfanya mama pomboo asimsikie mwanawe. Wangu, Kibonge, alilia chumbani mpaka jirani wa ng'ambo ya njia akaja kunipasha habari. Kwa mshtuko nikashona mkono wa shati la mteja kwenye kola.

2. Mnasema pomboo hulazimika kupaza sauti. Jumatatu nilimwambia mume wangu kwamba nampenda, kwa sauti ya kuishinda mashine. Akaniuliza amekosa nini.

3. Mnasema huacha kula. Hapo siwezi kudanganya, nakula vizuri, lakini nakula nimesimama.

4. Mwangalizi wenu mwenye darubini ndiye huyo huyo mume wangu. Pezi la pomboo analiona kilomita mbili. Nepi iliyolowa mapajani pake haioni.

Kama pomboo, navuta hewa, nanyonyesha, na maji yakijaa, bafu langu huwa bahari. Naomba basi niandikishwe pomboo, na darubini ielekezwe dirishani kwangu. Nikipunga kitambaa chekundu, mzime. Mkikataa, itabidi niingie majini na mwanangu mgongoni ili nihesabiwe. Kuogelea sijui, kwa hiyo nijibuni mapema.

Wasalimie karani, mlinzi wa geti, fundi wa mashine, na pomboo wote kwa ujumla.

Wako mtiifu, aliye bado nchi kavu,
Mama Kibonge, fundi cherehani,
nyuma ya ghala la tatu

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Asubuhi hii pomboo amekuja na mwanawe, mume wangu akapuliza kipenga, mkazima. Kimya kitupu! Kibonge akafumbua macho, akalia saa nzima na dakika ishirini, mpaka wageni walipoondoka mkawasha tena. Pigo la tatu tu, kalala fofofo. Kumbe tangu azaliwe huo ndio wimbo wake wa kumbembeleza. Nifuteni kwenye orodha. Pomboo wapeni kimya chao, ni haki yao, ila wakigeuza mkia tu, gongeni bila huruma. Na mradi ukiisha, niambieni mashine inapelekwa wapi. Tutahama nayo.